Hatua Ine Kutoka Ukingo wa Korongo

Ile Jumatatu ya Pasaka naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: udongo uliolowa mvua, majani ya maharagwe, moshi wa jikoni za kijiji cha Musienene. Juzi nilikusikia ukipanga na wenzako kwenda kutembea kule kwenye korongo. Sikukatazi. Lakini kaa hapa karibu kidogo, nikuambie jambo ambalo hata mama yako, binti yangu, nilimwambia akiwa amekwisha kuolewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilifanya kazi Butembo kwa mpimaji mmoja wa mashamba, nikimbebea cheni ya kupimia na kumshikia miti. Huko Beni kulikuwa na mzee aliyestaafu kazi hiyo hiyo, naye alinipa daftari yake ya zamani. Ndani aliandika mahali pa kila borne aliyoizika na wenzake: nguzo fupi ya simenti ya kuonyesha mpaka, na kichwa cha shaba chenye namba. Nyingi zilikuwa zimefunikwa na majani, hakuna mtu aliyezijua tena. Nikashikwa na tamaa ya kuzipata zote. Wenzangu walipokwenda kwa mpira baada ya kanisa, mimi nilikwenda na panga na daftari. Nikiipata moja, niliipangusa shaba yake na kujisikia kama mfalme. Usicheke. Nyinyi munatafuta réseau, mtandao wa simu, mimi nilitafuta simenti.

Ilibaki moja, ile ya ukingo wa korongo. Unajua mahali pale: kuta mbili za udongo mwekundu, na maji chini yanapiga kelele mpaka jirani yako hakusikii usipopaaza sauti. Kila Pasaka kwaya za Butembo, za Waprotestanti na za Wakatoliki, zilikuja pale na ngoma na sufuria. Mimi sikupenda watu wengi. Rafiki yangu Kambale, mwimbaji wa kwaya yetu, aliniomba twende pamoja.

"Niko mugonjwa, ndugu yangu," nilimwambia. "Tumbo inaniluma."

Ulikuwa uongo. Nilitaka kufika mapema, nipate borne yangu, kisha nivuke ng'ambo ingine kabla hawajafika.

Nilipita katika shamba la Mama Katungu, mjane aliyelima mpaka karibu na ukingo. Nikakata majani, nikaipata. Daftari ilisema: hatua kumi na tano kutoka ukingo. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, ine. Hatua ine. Nikarudi, nikahesabu tena. Ine. Halafu, kati ya borne na ukingo, nikaona ufa katika majani, mrefu kama nyumba. Niliingiza mkono mpaka kiwiko, sikugusa chini.

Mwanangu, nilielewa. Kazi yangu ilikuwa ile. Korongo lilikuwa limekula udongo, na kipande kilichobaki kilingojea uzito tu. Nilijua vilevile kwamba pale ndipo kwaya hutandika mikeka. Na niliwaza nini? Niliwaza: nikisema, Kambale atajua nilimdanganya, na wote watanicheka juu ya daftari yangu. Nikaifunga.

Nikiwa natoka, Mama Katungu alikuwa amesimama kati ya maharagwe, jembe mkononi.

"Mutoto wangu, umeona nini kule?"

"Hapana kitu, mama."

"Ni kweli? Juu batu mingi banakuya leo, batu ba kwaya."

"Hapana kitu."

Nilishuka, nikavuka daraja la miti, nikapanda ng'ambo ya pili, nikakaa peke yangu na viazi vyangu. Kulikuwa kuzuri, siwezi kukudanganya.

Kisha wakafika. Nikaona nguo nyeupe za kwaya, mikeka ikitandikwa palepale. Nikajiambia hawatakaa sana. Mmoja akaja mbele ya wote, akakaa miguu ikining'inia. Nilimjua kwa namna yake ya kukaa. Alikuwa Kambale.

Nikasimama, nikaita jina lake. Maji yakameza sauti yangu. Nikavua shati, nikalipepea juu ya kichwa, nikafanya ishara: rudi, rudi! Akaniona. Mwanangu, akaniona, akafurahi! Alisimama, naye akavua shati lake, akalipepea, akarukaruka akiwaonyesha wengine kwamba rafiki yake amepona.

Udongo uliondoka chini yake bila sauti. Sauti ilikuja nyuma. Mikeka, ngoma, wasichana wawili, na yeye. Pale walipokuwa, pakabaki hewa.

Wasichana walishikwa na miti midogo ya ukuta, wakatolewa wakiwa hai. Kambale tulimtoa majini saa sita mchana, mimi nikiwa nimeshika kichwa chake. Sikulia. Macho yalikuwa makavu kama ya mtu mwingine.

Mama Katungu alikuja, akanitazama katikati ya watu wote. Hakupaaza sauti.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mara mbili."

Kisha akanishika mkono. "Twende kwa baba yake. Utamuambia weye mwenyewe."

Baba ya Kambale alikuwa fundi wa mbao. Tulimkuta mbele ya nyumba, habari ilikuwa imekwisha kumfikia. Nilimwambia yote. Alinisikiliza akitazama chini.

"Ulihesabu hatua ngapi?"

"Ine, papa."

"Na ufa uliuona?"

"Niliuona."

Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Angalinipiga, ningalishukuru.

Baada ya maziko nilirudi kule na miti na kamba, nikafunga ule ukingo. Na kila Pasaka, mpaka magoti yalipokataa, nilisimama pale nikiwaambia watu wapite mbali. Mwaka wa tatu baba ya Kambale alikuja. Alichukua nyundo yangu, akanisaidia kupiga miti.

Basi nakushauri hivi. Penda ukimya wako, tafuta vitu ambavyo wengine hawavioni. Katika hayo sikuoni na kosa. Lakini ukiisha kujua jambo la hatari, usilifiche hata dakika moja. Liseme saa ileile, hata kama litafunua uongo wako, hata kama watakucheka mpaka jioni. Mtu akikuuliza umeona nini, mjibu kile ulichoona. Mimi nilikuwa na asubuhi nzima ya kusema, nikangoja mpaka ikabaki kupepea shati.

Nenda, mwanangu. Mungu aiimarishe ardhi chini ya miguu yako, akufungue kinywa kwa wakati wake, na wote mtakaotoka pamoja asubuhi mrudi pamoja jioni, mama zenu wawahesabu mlangoni na asikosekane hata mmoja.