Nilimfukuza mke wa mwanangu, kumbe sikujua seli hujengwaje

Wakuu, na nyinyi vijana hasa, salamu. Mimi ni nyanya, shule niliachia darasa la tatu. Haya yalinitokea hapa mtaani Gatwekera na sijapunguza kitu, hata aibu yangu.

Mwanangu Musyoka alipatikana na kansa ya damu. Kwetu Ukambani, ugonjwa ukikataa kusikia dawa, tunauliza ni nani amemroga.

Nikakuta mizizi imefungwa kitambaa chini ya godoro la mkewe, Mwende. Alisema ni dawa ya mgongo. Sikumsikiza. Nikamfukuza, akaenda kwa dada yake Kawangware. Musyoka alikuwa amelala tu, hana nguvu ya kubishana na mimi.

Binti yao Ndanu anasoma biology college. Akaja, hakunisalimia mimi susu yake.

"Susu, ukuta wa udongo unakandikwaje?"

Hiyo naijua. Fito, halafu udongo, mwisho unaziba mashimo. Ukiacha moja, mvua ni yako.

Akasema mwili ni seli ndogo sana, na kila seli ina chumba cha kuweka maagizo yake. Seli ikigawanyika, ukuta wa hicho chumba unabomolewa. Maagizo yanavutwa kwa kamba, nakala moja huku, nyingine kule, kisha kila upande unajengewa ukuta mpya.

Lakini kamba zingine bado zimepita ukutani. Kuna mafundi wa kuzikata na kuziba palipobaki wazi. Wana dakika chache tu.

Wakikosa kuziba, maagizo yanaweza kuharibika. Wasomi wanasema kansa zingine huenda zinaanzia hapo.

Nikauliza kama ndivyo ilivyokuwa kwa Musyoka.

"Sijui, susu. Hata daktari hajui. Lakini huko ndani mkono wa mtu haufiki. Mama ulimfukuzia nini?"

 

Kesho yake nikashuka stage ya Kawangware 56. Nilimkuta Mwende akifua. Akaniuliza nimetumwa na nani. Nikasema nimejituma, na nimekosa. Alinisimamisha pale mpaka akaanika nguo ya mwisho, nami nikasimama. Kisha akafunga mzigo wake, tukarudi naye nyumbani.

Musyoka bado anatibiwa. Hatujui itakuwaje.

Usipoelewa ugonjwa, sema huelewi. Usitafute mtu wa kubebesha lawama. Kama nawe ulishamfukuza wako, andika hapa chini, nitasoma pole pole.

Jioni tuliyorudi na Mwende niliita nyumba yote, nikawaambia: "Atakayemtaja huyu kwa ugonjwa huu tena, atatoka yeye."