Siku Niliyopanda kwenye Minara ya Jahiliya

Turubai likianikwa juani hutoa harufu ya mpira, vumbi na mafuta ya taa, yote pamoja. Mimi nikiinusa harufu hiyo husimama nilipo, hata nikiwa na haraka. Ni harufu ya Landrova aliyokuwa akiendesha baba miaka ya sabini, tulipokuwa tukikaa mji wa Ibra.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili Omani. Tulitoka Unguja na masanduku matatu na cherehani ya mama, na Kiarabu chetu kilikuwa cha msahafu. Tulijua kusoma sura ndefu bila ya kukwama, lakini dukani tukionyesha kwa kidole. Baba alisoma skuli Unguja, Kiingereza chake kizuri, na kwa hicho akapata kazi ya kumwendesha Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza mambo ya kale, na kumfasiria maneno ya wenyeji. Kazini wakamwita mtarjumani. Wageni wakija, mama alilitamka neno hilo polepole, kama anayewatia uturi mikononi. Lakini sote nyumbani tulijua kuwa Kiarabu cha watu wa milimani kilikuwa kikimpiga chenga baba, na kuwa kila asubuhi alikuwa akitoka na hofu ya kugunduliwa.

Mzungu mwenyewe tukimwita Daktari, maana ndicho cheo chake cha elimu, ingawa hakutibu mtu. Vijijini hawakulielewa hilo. Kinamama walimletea watoto wenye macho mekundu, naye, kwa kuona haya, akiwagawia biskuti. Baba alisema kuwa wengine walipona.

Mimi nilikuwa na miaka kumi hivi, mtoto wa kuweka maneno moyoni. Nikiulizwa jina langu na mgeni, nilitazama vidole vya miguu. Ndiyo maana Alkhamisi moja, skuli imefungwa, mama alimwambia baba, "Mchukue na huyu, akaone watu. Asije akasahau kusema."

Tulipanda milima ya Dima wa Tayyin tangu alfajiri. Njia yenyewe ilikuwa ni wadi, yaani kitanda cha mto mkavu, na mawe yalituchezesha mpaka meno yakagongana. Baba aliniambia kuwa tunakwenda kuona makaburi ya watu wa zamani sana, waliokuwapo kabla ya Mtume, zama za jahiliya. Nikauliza walikuwa na sura gani. Akacheka. "Daktari naye anataka kujua hilo hilo. Mtapatana."

Kisha nikaiona. Juu ya ukingo wa mlima imesimama minara ya mawe meupe, myembamba kidogo juu, mawe yamepangwa bila ya udongo wala saruji, na bado yamekazana. Mingine imeporomoka na kuwa marundo. Kila mnara ulikuwa na kijidirisha kidogo upande mmoja, na mtu mzima asingepita pale ila kwa kutambaa. Nilijiuliza ni watu gani hawa, waliowajengea maiti nyumba ndefu kuliko za walio hai, kisha wakawawekea mlango wa paka.

Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Hamed, mchungaji wa mbuzi, kibanda chake kiko chini kidogo ya minara. Nilimbusu mkono, naye akatuwekea tende na kahawa. Alizungumza upesi, maneno yakitoka kooni, na nilimwona baba akiitika "naam, naam" kwa vile vituo alivyovitumia pale asipoelewa.

Daktari alinipa ruhusa niingie kwenye mnara mmoja. Nilitambaa kwa tumbo. Ndani kulikuwa na baridi, na kulinuka popo na kinyesi cha mbuzi, na mwanga ulipenya baina ya mawe kwa nyuzi nyembamba. Niliweka kiganja changu ukutani nikahisi jiwe lililolainishwa. Mtu alilisugua jiwe lile. Mtu mwenye mkono kama wangu. Nilitamani mno kumwona, hata kama ni mfupa wa kidole tu.

Nilipotoka, walikuwa wamesimama kwenye mnara mwingine, ulioanguka nusu. Chini yake palikuwa na kilima kidogo cha mawe, kimepangwa vizuri kupita marundo mengine. Daktari alikuwa akikizunguka na macho yanang'aa. Alimwambia baba aulize humu mna nini.

Baba akauliza. Mzee Hamed aliinamisha mkono wake mpaka chini ya goti, akasema kwa sauti ndogo, "Hina jahil."

Baba akageuka kwa furaha, kwa kuwa safari hii neno alilijua. Akamfasiria Daktari kwa Kiingereza, nami akanambia kwa Kiswahili, "Anasema humu mna mtu wa jahiliya. Unasikia? Leo utamwona!"

Daktari alifungua mkoba akatoa mwiko wa mwashi na brashi, akapiga magoti, akaanza kuondoa mawe ya juu, moja moja, akiyapanga pembeni. Mimi nikasogea. Nilitaka kuwa wa mwanzo kuona.

 Mzee Hamed aliondoka kidogo, akachutama, akatupa mgongo. Lakini jiwe moja lilipobingirika mpaka kwenye mguu wake, alilichukua, akalifuta vumbi kwa ncha ya kilemba, akabaki nalo mkononi.

Hapo ndipo neno lake liliponirudia. Mzee hakusema jahiliya. Alisema jahil. Neno hilo mimi nikilijua vizuri sana. Jirani yetu kule Ibra alikuwa akitwita "juhhal", wingi wa jahil, kila tukicheza mlangoni kwake, na mimi nikilia chini chini kwa kudhani anatutukana, kuwa tu majahili, watu waovu tusio na elimu. Mpaka siku moja kwenye mfereji mwenzangu wa skuli akanambia kwa furaha, "Mama kazaa jahil!" Nikajua kuwa kwa watu wa kule jahil ni mtoto mdogo tu. Sikumwambia mtu nyumbani. Nilidhani wote wanajua, ila mimi.

Nilimtazama baba. Alikuwa amesimama wima kwa fahari, mikono nyuma. Nikisema, nitamvunja mbele ya bwana wake. Nisiposema, brashi ile itafika chini. Daktari alikuwa ameshaondoa safu mbili.

Nikamvuta kanzu.

"Baba. Jahil ni mtoto."

"Nini?"

"Hapa kwao, jahil ni mtoto. Si mtu wa zamani. Mtoto mdogo."

Baba alinitazama, kisha akautazama mgongo wa yule mzee.  Akaenda, akachutama mbele yake, akamwuliza kwa Kiarabu chake cha msahafu, pole pole, "Tifl?" Yaani, mtoto?

"Tifla," mzee akajibu. Wa kike. Mtoto wa bintiye. Alikufa wakati wa mvua, wadi limejaa maji, hawakuweza kumshusha makaburini.

"Simama!" baba alimpigia kelele Daktari, kwa Kiswahili, Kiingereza chote kimemruka. Daktari hakujua neno lile, lakini alisimama. Alipoelezwa, alivua kofia, uso umemwiva, akataka kuyarudisha mawe mwenyewe. Mzee Hamed alimzuia kwa kiganja. Akayarudisha yeye, akianza na lile alilolishika.

Tuliteremka mlima. Baba aliendesha muda mrefu bila ya kunitazama, nami nikajua nimemwudhi, nikatazama vidole vyangu. Tulipofika kwenye njia ya sawa akanambia, "Haya. Nambie na mengine unayoyajua." Nikamwambia yote, mpaka sauti ikanikauka. Mengine aliyacheka, mengine akayarudia kwa midomo tu, kama mwanafunzi.

Siku ile nilirudi na fahari ya kuwa nimejua neno asilolijua baba. Miaka mingi sikufikiri zaidi ya hapo. Nilikuja kufikiri nilipozika mtoto wangu mwenyewe, na watu wakanijia na maneno mengi ya pole. Nikamkumbuka Mzee Hamed, na swali ambalo sikumwuliza baba garini: kwa nini yule mzee hakukataa? Kwa nini hakuushika mkono wa Daktari?

Kwa sababu alishasema. Kwake yeye neno lilikuwa moja, na liko wazi. Aliwaambia wageni, waliokuja na gari la kazi na vyombo vya chuma, kuwa hapa pana mtoto. Akamwona mtarjumani akifurahi, na Mzungu akipiga magoti, na hata mimi nikisogea ili nione vizuri. Tangu jiwe la kwanza mpaka safu ya pili, yule mzee aliamini kuwa sote tumemsikia.