Jiwe la bluu tulilofukua chini ya kitanda cha marehemu kaka yangu, huko Kashozi

Wakuu, habari za saa hizi. Hili nimelikalia miaka mingi. Sijaongeza chumvi.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa chuo, nasoma jiolojia. Nyumbani ni Kashozi, Bukoba. Vita ya Amin ilishapita, lakini ule ugonjwa tuliouita Juliana, yaani UKIMWI, ulishaingia.

Ukipita migombani unakuta kaburi bichi, hatua chache lingine. Kahawa imeivia mtini, hakuna wa kuchuma.

Kaka yangu Deo alikuwa kitandani, amekwisha. Nikampelekea zawadi: kipande cha blueschist, jiwe la bluu iliyokolea. Mwalimu wangu alilitoa ng'ambo.

Akauliza limetokaje. Nikamweleza: kuna mahali sakafu ya bahari huzama chini ya bara. Mwamba unashuka kilomita nyingi, unabanwa vibaya, ila unashuka haraka ukiwa bado wa baridi. Mgandamizo huo ndio unaozaa madini ya bluu. Ukikawia kule chini, joto linaugeuza na bluu inapotea. Ukiliona jiwe lake huku juu, ujue lilirudi kabla ya kuiva.

Deo akalishika muda mrefu.

"Kwa hiyo lilifika chini kabisa, likarudi."

"Ndiyo."

Mwezi uliofuata tukamzika.

Siku ya kumaliza matanga, asubuhi, wazee walisogeza kitanda chake wakakuta udongo umefukuliwa. Ndani, kwenye kitambaa, jiwe.

Wakaliweka uani, juani. Hakuna aliyetaka kukaa karibu nalo, walidhani ni uchawi.

Saa sita Ta Kamugisha, baba yetu mdogo, akamgeukia mjane wa Deo, Ma Koku. "Kwetu hakuna jiwe la namna hii. Umelitoa wapi?"

Kweli, mawe yetu ni ya mchanga. Mtu akasema mjane aondoke leo, watoto wabaki.

Mimi kimya. Niliogopa, wakuu.

Ma Koku akaniangalia. Alijua ni langu. Hakunitaja.

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Ni langu. Nilimpa mimi." Nikaeleza yote, bahari, kuzama, kurudi.

Ta Kamugisha akauliza taratibu, "Ulimwambia linarudi?"

"Nilimwambia jiwe linarudi, baba. Sikusema mtu."

Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Nikaliokota. Lilikuwa la baridi kama limetolewa ziwani, na jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Nimeshika mawe maisha yangu yote. Hilo sina maelezo yake.

Ma Koku alibaki kwenye kibanja cha migomba cha Deo na wanawe. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja.

"Deo alilifukia mwenyewe, nikiwa nimemshikilia asianguke. Akasema nisimwambie mtu mpaka arudi."

Nilichojifunza: mgonjwa anasikia zaidi ya unachosema. Na ukijua ukweli, useme kabla mwenzio hajageukiwa na watu wote.

Mliozika ndugu miaka ile, Bukoba hadi Muleba, mlikuta nini walichoacha? Andikeni hapa chini, nasoma zote.