Tangazo la Boti ya Saleh

Kabla ya vita, Raphaël Etabo alikuwa wakala wa kampuni ya bia katika eneo zima la Fizi, mashariki mwa Kongo. Alipanda na kushuka barabara ya ziwani na kipaza sauti juu ya gari, akiwasifia bia hata wazee wa kanisa. Mwaka 1998 vita vikafunga barabara. Bia ikakoma, gari likachukuliwa na wenye bunduki, Raphaël akabaki katika mji wa Baraka na mdomo wake tu.

Redio ndogo ya mji ilipoanza kurusha matangazo, mwaka 2003, alikwenda na suti yake ya mwisho kuomba ukurugenzi wa biashara. Mkuu wa redio, Mama Godelieve, alimwambia redio haina biashara yoyote ya kuongoza. Raphaël akajibu kwamba ndiyo sababu amekuja.

Mteja wa kwanza alikuwa Saleh, mwenye boti mpya ya kwenda Kigoma. Raphaël alitafuta maneno siku mbili. Ijumaa asubuhi akayasoma kwa sauti nzito, kama anayesoma risala ya msiba: "Boti ya Saleh inaondoka kesho. Muntu mwenye akili asibakie."

Kufika adhuhuri, nusu ya mji ilikuwa ufukweni na magodoro, sufuria na mbuzi. Mama mmoja alikuwa amejitwika mlango wa nyumba yake. Saleh, ambaye boti yake ilibeba watu thelathini, alijifungia chooni.

Komanda wa mji aliingia redioni amefura, akitaka kujua nani amempa Raphaël habari za mashambulizi ambazo yeye mwenyewe hana.

"Komanda, mi nilisema boti inaenda. Sikusema vita inakuya."

"Na basoda bangu beko kule na matela, banaenda wapi?" Komanda alionyesha askari wake waliosimama ufukweni na magodoro.

Raphaël alichungulia nje. "Bale ni bateja ba Saleh, Komanda."

Komanda alijitahidi kubaki na hasira, ikamshinda. Alicheka hadi akavua kofia, kisha akaamuru tangazo lisahihishwe. Watu wakarudi makwao polepole, kila mmoja akidai alikwenda tu kuosha godoro.

Jumamosi boti iliondoka na abiria watatu. Saleh hakumsalimia Raphaël mwezi mzima. Lakini Jumatatu wenye maduka, wauza sabuni na mganga mmoja wa minyoo walijaa mlangoni kwa Mama Godelieve, wakimuulizia yule bwana aliyehamisha mji. Mama Godelieve akamtafutia meza. Raphaël akaomba na kiti.