Mfunga Msafara wa Kwaluguru

Ukifika Kwaluguru ukamuulizia Mbaruku, hawatakwambia ni mtoto wa nani wala analima wapi. Watakwambia, ah, yule wa mwisho. Wala si tusi. Mbaruku ana miaka arobaini na saba, ni mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, na kwa miaka tisa sasa, kila kijiwe kinapotoka kwa pamoja kwenda harusini au msibani, yeye ndiye anayefunga msafara. Pikipiki zote mbele, yake nyuma. Vumbi la Handeni lingekuwa linanenepesha, leo angekuwa na kitambi cha diwani.

Zamani hakukuwa na utaratibu wowote. Kila mtu alikimbia anavyojua, mtakutana huko huko. Mpaka siku moja wakirudi kutoka kwenye maziko, Kibwana, rafiki yake Mbaruku wa kula sahani moja, akiwa nyuma kabisa, akaingia korongoni na pikipiki yake. Wenzake walifika kijiweni, wakaagana, kila mmoja akidhani Kibwana kashapitia kwake kulala. Waliomwona ni kina mama waliokuwa wakienda shamba asubuhi, na mwili ulikuwa umeshapoa. Kilichomuumiza Mbaruku ni kwamba Kibwana alikuwa amejiburuta. Alama zilionekana kwenye mchanga, mtu amejivuta mpaka karibu na njia, akingoja atakayepita nyuma yake, na nyuma yake hakukuwa na mtu.

Hapo ndipo Mbaruku alipogeuka mtu wa sheria. Akaitisha kikao, wakapitisha mbili. Ya kwanza, ukifika njia panda unasimama mpaka umwone aliye nyuma yako akija, ndipo uondoke. Ya pili, anayefunga msafara hampiti mtu, hata huyo mtu awe anatambaa. Walipouliza nani atafunga, akanyoosha mkono mwenyewe. Akadhani ni kwa safari moja mbili, kisha watapokezana. Wee! Nani apokee vumbi kwa hiari yake?

Sheria zenyewe nzuri, sikatai. Kilichoharibika ni mpangilio. Hawa mabwana hujipanga kwa namba za kijiwe, aliyeingia kwanza mbele, aliyeingia juzi nyuma, hata kama wa mbele anakimbia kama kafukuzwa na nyuki na wa nyuma pikipiki yake inakohoa. Jabiri, namba tatu, aliwahi kusema kwenye kikao kwamba wazito wawekwe mbele, mwendo wao uwe ndio mwendo wa wote, uone kama kuna atakayeachwa. Walimcheka mpaka akakaa chini. Mgeni atangulie mbele ya waanzilishi, adabu iko wapi? Na aliyegonga meza kuifunga hoja ile alikuwa Mbaruku mwenyewe. Kwa hiyo kama kuna kamba shingoni mwake, aliisokota kwa mikono yake.

Mwaka huu namba ya mwisho ni mzee Lukasi. Mtu wa karibu miaka sitini, babu yake aliletwa kukata mkonge, na ukoo haukurudi tena kwao. Alilima mpaka mgongo ukakataa, akauza ng'ombe wawili, akanunua pikipiki iliyochoka kuliko yeye. Mwendo wake ni kilomita thelathini kwa saa, kuna mteremko ama hakuna. Abiria wakampenda, hasa wajawazito na wazee. Mbaruku, anayekaa nyuma yake safari nzima akitazama kisogo kile kile, hakumpenda hata kidogo, ingawa mdomoni alikuwa na "shikamoo mzee Lukasi" kila asubuhi.

Sasa sikia kilichotokea Jumamosi moja ya mwezi wa saba.

Mbaruku ana binti, Shamsia, wa mke wake wa kwanza. Walipoachana mama alimchukua mtoto, akarudi kwao Hale, na Mbaruku akawa baba wa kuja na kuondoka. Zaidi wa kuchelewa. Sikukuu alifika watu wakiosha masufuria. Mahafali ya kidato cha nne alifika viti vikikusanywa, shati limejaa vumbi, kwa sababu njiani kuna mwenzao alipata pancha na yeye ndiye wa nyuma. Shamsia hakuwahi kumlaumu, na hilo ndilo lililomnyima raha. Basi binti alipopata mchumba, kijana wa hapo hapo Hale aitwaye Yusuph, Mbaruku akampigia simu. Akamwambia safari hii hatawakilishwa na mtu, atamwozesha yeye mwenyewe, mkono wake ndio utakaoshika mkono wa Yusuph. Shamsia akasema sawa, baba. Ndoa ingefungwa saa saba na nusu, baada ya sala ya adhuhuri. Sheikh alikuwa na ndoa nyingine Korogwe mjini saa tisa, na alishasema mapema kwamba hangoji mtu.

Kijiwe hakiwezi kumwacha mwenyekiti aende peke yake kumwozesha binti. Pikipiki kumi na mbili, mashati meupe, wafike wote kwa pamoja huku honi zikilia, watu wa Hale wajue binti ana watu. Walipanga kutoka saa tatu. Pikipiki ya Lukasi ikagoma kuwaka, wakatoka saa nne kasoro.

Njia ya vumbi aliivumilia. Walipoingia barabara kuu, pikipiki kumi za mbele zikapotea machoni, na Mbaruku akabaki na kisogo cha Lukasi. Malori yakawapita, mabasi yakawapita, na mama mmoja mwenye baiskeli, kwenye mteremko, naye akawapita. Mbaruku akatazama saa. Akahesabu kilomita zilizobaki, akagawanya kwa mwendo ule, akaona watafika kwa kubahatisha. Angeweza kukunja mkono wa mafuta kidogo tu, na Lukasi angekuwa nyuma yake. Mkono ulikuwa wake, pikipiki yake, binti yake. Hakuukunja.

Kwenye sheli walimkuta Yordani anawangoja. Yordani ni namba kumi na moja, aliye mbele ya Lukasi, mtu mpole na mwaminifu. Akamwambia mwenyekiti atangulie, yeye Yordani atafunga msafara siku hii moja, nani atauliza? Mbaruku alikubali. Kweli alikubali, akaondoka kwa kasi, upepo ukampiga usoni, akajisikia kijana. Akaenda hivyo dakika kumi. Kisha akaanza kutazama kioo cha pembeni. Akatazama tena. Kioo kilikuwa kitupu, na katika utupu ule alichoona ni mchanga wenye alama za mtu aliyejiburuta. Akajitukana kwa Kizigua na kwa Kiswahili, akasimama pembeni ya barabara, akangoja. Lukasi alipotokea anakohoa na pikipiki yake, Mbaruku alimruhusu Yordani atangulie kushika njia panda ya Segera, akarudi mahali pake. Saa sita na dakika arobaini.

Segera huwezi kuikosea. Moja kwa moja unakwenda Korogwe, kulia unakwenda Hale na Tanga. Yordani alikuwa amesimama pale pale kwenye kona ya kulia, juu ya pikipiki, kizibao cha rangi ya machungwa kinawaka, anapunga mkono. Mbaruku alimwona toka mbali na moyo ukapoa. Kutoka hapo ni mwendo mfupi tu, hata kwa kutambaa wangefika sheikh bado anatawadha.

Lukasi akapita moja kwa moja.

Alimpita Yordani kama mita nne hivi, hakugeuza hata shingo. Yordani akapiga honi. Mbaruku naye akapiga honi, mfululizo. Ukishinda siku nzima ukimtembeza mtu kwa thelathini, halafu ghafla wa nyuma yako akaanza kukupigia honi kwa hasira, wewe utafikiri nini? Lukasi alifikiri ameanza kusemwa kwa uzito wake. Akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu anunue ile pikipiki. Akakimbia.

Mbaruku alifika kwenye kona. Kulia kulikuwa na Hale. Yordani alimtazama, akamwonyesha kwa kidole, nenda, mimi nitamfuata. Lakini Yordani alikuwa ameshazima pikipiki na kushuka, lori lenye tela lilikuwa linaingia nyuma ya Lukasi, na sheria ya pili haina jina la Yordani. Mbaruku akaenda moja kwa moja.

Lori lilimziba, na nyuma ya lori kulikuwa na basi. Zaidi ya kilomita tano alikuwa anachungulia pembeni bila kupata upenyo, huku kila jiwe la maili likimwondoa kwa binti yake. Alipompata Lukasi, mzee alikuwa ameshatoka nje ya lami, amekaa kwenye nyasi, goti limechubuka, mnyororo wa pikipiki umekatika na kulala chini. Hakuumia zaidi ya hapo. Mbaruku alishukuru Mungu, na papo hapo alitamani kumpiga. Vyote viwili vilikuwa vya kweli.

"Mzee Lukasi, hukumwona Yordani?"

"Yordani alikuwa wapi?"

Mbaruku akachuchumaa mbele yake. Akamtazama yule mzee macho, akaona jinsi yalivyokuwa yanamtafuta, yakitua sikioni, kisha begani. Akauliza ni tangu lini. Lukasi akapapasa goti lake. Akasema ni tangu mwaka jana, ukungu, mwanzo jicho la kushoto kisha yote. Kwaluguru njia anazijua kwa makalio, kila shimo. Ugenini hufuata taa nyekundu ya aliye mbele, na aliye mbele akikimbia taa inapotea, ndipo anapokwenda polepole na kumwomba Mungu. Kwamba nyuma yake kuna mwenyekiti, hilo ndilo lililompa ujasiri wa kuja.

"Usiwaambie, mwenyekiti. Nyumbani hatuna kingine."

Simu ikaita. Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na nane, na aliyepiga ni Sharifu, mjomba wake Shamsia. Aliuliza wamefika wapi. Mbaruku akataka kusema karibu, akatazama mnyororo uliokatika na mzee aliyekaa kwenye nyasi, akaona hawezi kumwacha mtu asiyeona kando ya barabara ya malori. Akasema ukweli. Sharifu hakugomba. Simu akapewa sheikh.

"Bwana Mbaruku, unampa uwakili Sharifu amwozeshe binti yako Shamsia kwa Yusuph?"

"Nimempa."

Lori likapita. Sheikh akasema hajasikia, na mashahidi lazima wasikie. Mbaruku akarudia kwa sauti kubwa, basi likapita. Mara ya tatu aliziba sikio moja kwa kiganja, akainama, akapiga kelele kwamba amempa uwakili Sharifu, amempa, amwozeshe. Kisha simu ikakatwa upande ule, kwa haraka, kwa sababu watu walikuwa kazini. Mbaruku alibaki ameinama vile vile. Lukasi aliuliza kama kuna msiba. Akajibiwa hapana, mzee, ni harusi.

Yordani aliwafikia. Pikipiki ya Lukasi waliiacha kwenye nyumba ya jirani, mzee akapanda nyuma ya Mbaruku, wakageuza. Mbaruku njia nzima alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyefungiwa chumbani na ufunguo anao mfukoni. Akisema siri ya mzee, amemkata riziki. Asiposema, basi kila msafara, mpaka mmoja wao afe, atakuwa nyuma ya kile kisogo, na sasa hata kununa hawezi.

Hale walifika saa tisa kasoro. Sheikh alikuwa ameshaondoka. Vijana wa kijiwe walikuwa wanakula, Jabiri akainuka kumpisha kiti, Mbaruku akakataa akauliza bibi harusi yuko wapi. Alimkuta chumbani na mama zake wadogo, hina hadi kwenye viwiko, mzuri mpaka baba mtu akasahau aliyotunga njiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akaanza kueleza. Alianzia Segera, akarudi kwenye sheli, akapotea, akaanza tena. Shamsia alimshika mkono ule wenye grisi ya mnyororo, bila kujali hina yake, akamzuia.

"Baba, usijisumbue. Jina la mjomba kuwa wakili wako nililiandikisha mwenyewe toka Alhamisi."

Mbaruku hakuelewa mara moja. Akauliza kwa nini, na yeye alishaahidi kuja.

"Nilijua utakuja," alisema Shamsia, naye hakuwa na kinyongo hata chembe. "Nilijua pia utakuja na wa mwisho."

Mbaruku alitafuta wa kumkasirikia mle chumbani, akamkosa. Akamwambia binti yake kwamba alifanya vizuri kuandikisha mapema. Kisha akaomba maji ya kunawa mikono, kwa sababu alikuwa amemchafua.