Mngurumo wa Saa Kumi na Moja

Jioni moja, jua likiwa bado halijazama, nyumba za pande zote mbili za mtaa wetu pale Mtendeni zilizima umeme kwa hiari yao. Feni zilisimama, jokofu la muuza barafu likanyamaza, na fundi cherehani akaiacha suruali ya mtu ikiwa na mguu mmoja. Yote hayo yalifanyika ili mama zetu wasikie redio.

Wa rika langu mtanielewa. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, Tabora ikiwa na mchanga uliotuunguza nyayo mchana na kutupooza jioni. Tukitoka shule tulicheza rede na kombolela, mfukoni tumejaza matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa hadi vikawa vigumu kama vigae. Tulivitafuna na karanga mpaka taya zikachoka. Nimewahi kumpa mjukuu wangu kimoja; alikigeuzageuza, akaniuliza kinafunguliwa wapi.

Ikifika saa kumi na moja jioni, michezo ilihamia mbali na baraza yetu, kwa sababu hapo palikuwa darasa la kisomo cha watu wazima. Akina mama walitandika mikeka, wakaweka katikati redio ya darasa, ya betri, iliyofunikwa kitambaa alichokifuma mama yangu mwenyewe. Mwalimu alisema ndani ya redio, nao wakamfuata kwa penseli. Mama alikuwa hajui kuandika jina lake. Kila ripoti yetu ya shule aliibandika dole gumba, kisha akalificha lile dole lenye wino kwenye kanga. Mwaka huo alituambia, "Safari hii natia sahihi. Kidole nimekichoka."

Kiangazi kikaja na mngurumo. Somo likianza tu, redio inanguruma kama dume la ng'ombe la kule Ziba lililofungiwa zizini peke yake. Sauti ya mwalimu ilimezwa, na darasa likabaki kujibu maswali ambayo halikuyasikia. Mratibu wa elimu akaja, akasikiliza kwa adabu, akasema hali ikibaki vile, wiki ijayo ataichukua redio aipeleke Cheyo, kuna darasa linaisubiri. Mama alimmiminia chai, yake mwenyewe akaisahau ikapoa.

Mtaa mzima ukawa fundi. Huyu alisema betri zianikwe juani, yule akafunga waya kutoka kwenye redio hadi kwenye bati. Jirani mmoja alishikilia kwamba ni maadui wa nchi. Mzee Rajabu, seremala na balozi wetu wa nyumba kumi, mtu aliyependa utaratibu kuliko kula, ndiye aliyelikamata jambo lenyewe. Alisema mngurumo unaletwa na kitu cha umeme katika nyumba fulani, na kama mgeni asiyejulikana hutafutwa nyumba hadi nyumba, basi na mngurumo utatafutwa hivyo hivyo.

Watoto tukapangwa mstari kutoka barazani hadi nyumba ya mwisho. Rafiki yangu Hamisa, ambaye sauti yake ilifika sokoni bila nauli, alisimama karibu na redio. Mzee Rajabu aliingia nyumba moja moja kushusha swichi kubwa, na kila iliposhuka Hamisa alisikiliza, akapiga kelele, "Bado!" Neno likapita mdomo hadi mdomo mpaka kwa mzee. Nyumba yake mwenyewe alitutangazia kwamba ameizima kabla hajatoka. Nyumba zote kumi zikawa zimezimwa, na dume bado linanguruma.

Hamisa ndiye aliyeinyanyua redio ili aisogeze, na alipogeuka nayo tukasikia mngurumo umeshuka. Akarudi alivyokuwa, ukapanda. Tukaanza kuizungusha kwa zamu, tukicheka, hadi tukaona kwamba inatulia pale ubavu wake mmoja unapoelekea njia ya zamani ya misafara, iliyopita nyuma ya nyumba zetu.

"Iacheni hapo hapo," Mama akasema.

Lakini redio ilipotulia hivyo, mwalimu naye alififia akawa kama anafundisha kisimani. Mzee Rajabu hakujali hilo. Alikuwa anatazama ule ubavu unaelekea wapi, maana alisema redio hutulia ubavu ukielekea kelele inakotoka. Ng'ambo ya njia ile zilikuwa nyumba kumi za balozi mwenzake, Bi Nyamizi, na wawili hao walikuwa hawajasalimiana tangu masika, kwa ugomvi wa mtaro wa maji machafu.

Alivaa kanzu na kofia, akaenda. Mama akamfuata, nasi nyuma.

"Karibu, Rajabu," Bi Nyamizi alisema bila kuinuka. "Leo umepotea?"

"Nimekuja kuomba, dada yangu. Zima nyumba zako kesho, tusikie kama mngurumo unatoka huku."

"Mbu wa mtaro wenu wanatoka kwenu. Sasa mngurumo ndio uwe wangu?"

Mama akapiga magoti. "Shikamoo, Bi Nyamizi. Redio inaondoka wiki ijayo. Mimi nilitaka kuandika jina langu tu."

Bi Nyamizi aliitikia marahaba. Kisha akasema, "Nitazima. Lakini nanyi mzime zenu zote tena, tuwe sawa. Na safari hii nyumba ya balozi wenu iwe ya kwanza."

Ndiyo ile jioni niliyoanza nayo. Pande zote mbili zilizima, na mwalimu akasikika safi mpaka tukamsikia anafunua karatasi. Mama alicheka peke yake huku anaandika. Somo lilipokwisha, Mzee Rajabu akasimama barazani akasema sasa tuwashe moja moja, na nyumba itakayoleta mngurumo ndiyo yenyewe. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Muuza barafu, aliyekuwa akilalamika tangu mchana, ghafla akawa hana haraka. Watu wakawasha koroboi na kupiga soga, mpaka magharibi ikapita, na hapo taa zikaanza kurudi moja moja, kimya kimya, bila mtu kuona nani kaanza.

Mngurumo haukurudi. Haukurudi jioni ile wala kesho yake, wala tena. Mratibu alikuja, akasikiliza somo zima, akaondoka na baiskeli ambayo nyuma haikufungwa kitu. Ripoti yangu ya muhula uliofuata ilikuwa na jina la Mama kwa mkono wake, herufi zimeegemeana kama ua lililopitiwa na mbuzi, na sikuwahi kuona sahihi nzuri kuliko ile.

Maana yake ni kwamba katika nyumba zile kuna mtu aliyejua ni kitu chake, akakiweka kando asiseme. Mama, ambaye sasa ni bibi kizee, anasema ni wa ng'ambo. Bi Nyamizi, hadi siku anahama mji, alisema ni wa kwetu.

Siku hizi mtandao ukikatika, kila mtu anatoka uani kivyake, amenyoosha simu juu kama anaomba mvua, na hajui jirani yake yupo au hayupo. Nilipomsimulia mjukuu wangu habari hii, aliniuliza kwa nini akina mama hawakuvaa spika za masikioni. Nikamwambia wangesikia somo, lakini wasingesikiana.

Juzi redio yangu ndogo ilianza kunguruma, nikaizungusha kama zamani mpaka ikatulia. Halafu, kwa kuchezea tu, nikaigeuza mbele nyuma kabisa. Ikatulia vile vile. Basi hata ile ya barazani ilikuwa inaelekeza pande mbili, nasi tulitazama mmoja. Upande mmoja ni ng'ambo kwa Bi Nyamizi. Upande wa pili, mstari ule ule ukirudi kinyume kupitia baraza yetu, ilikuwa nyumba ya Mzee Rajabu na karakana yake ya useremala, nyumba pekee ambayo siku ya kwanza hatukuiona ikizimwa.