Muuguzi Aliyefungua Friji

Jumanne iliyopita mtu mmoja alinipigia simu kutoka bara kunieleza kwamba mwenzake wa kazi, yule muuguzi wetu wa Pate, amefariki kwa maradhi ya moyo, na wamemzika huko huko alasiri ile ile. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Baadhi yenu mlimjua, na wengi zaidi mna watoto waliozaliwa mikononi mwake.

Mimi nilikuwapo siku aliyojiponza. Wageni kutoka makao makuu walikuja kukagua zahanati aliyofanyia kazi, nami nilikuja nao kuandika habari. Friji ya chanjo ilikuwa imekufa miezi miwili, lakini ripoti zilizopelekwa juu zilisema inafanya kazi. Yeye alikataa kudunga chanjo zilizoharibikia humo. Wenzake waliamriwa waendelee. Hotuba zilipokwisha, akaifungua friji mbele ya watu wote, akamgeukia mkuu wa msafara: "Tia mkono, Bwana. Pana baridi humo?" Yule bwana akatia, akautoa haraka. "Miezi miwili sasa wana wa watu wadungwa mai," muuguzi akasema, yaani maji matupu.

Mkubwa wake alimvuta pembeni. "Sista, umetuaibisha mbele ya wageni."

"Aibu i wapi, kusema au kudunga?"

Haikupita wiki, barua ya uhamisho ikafika. Alipelekwa kituo cha mbali bara, safari ya siku mbili, "kwa manufaa ya utumishi". Asubuhi aliyoondoka, nilimkuta gatini Mtangawanda amekaa juu ya sanduku lake. Kina mama aliowazalisha walisimama mbali wakijifanya wanangoja mizigo, maana walikwisha kuambiwa kwamba anayemuaga atajulikana. Nilimpa mkono, akaniuliza, "Utaandika, Bwana?" Nikamwambia nitaandika. Wiki ile safu hii ilizungumzia vyakula vya harusi.

Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Alizoea kunipigia Ijumaa baada ya sala. Hakuulizia kazi wala wakubwa. "Niwekee simu hapo barazani niwasikie wakiteta," alikuwa akisema, nami nikiiweka, naye akisikiliza wazee wakibishana kwa Kiamu, lahaja ya kwetu, akicheka peke yake huko aliko. "Huku nikisema ndia badala ya njia, wanicheka." Mama yake alipougua aliomba ruhusa, barua ikakaa mezani kwa mtu, alipofika Pate, mama alikuwa kaburini siku tisa. Aliomba kurudishwa mara nyingi, asijibiwe. Friji mpya ililetwa baada ya miezi mitatu, ikakatiwa utepe, na jina lake halikutajwa. Watoto waliitwa wakachanjwa upya.

Ijumaa hii simu imekaa kimya, nami nimekuwa nikiitazama.

Nimefikiri sana jinsi tunavyowaadhibu watu wa namna hii. Hakushtakiwa, hakufukuzwa, hakuna alichoweza kukatia rufaa. Barua ilimwondoa, lakini sisi tulioinamisha macho ndio tuliomfanya aliyeiandika alale usingizi mzuri. Laiti tungalikwenda kumuaga sote, pengine angalihamishwa vilevile. Ila angalijua kwamba kwao bado ni kwao.

Basi, msomaji, kama kazini kwako yuko mtu aliyesema kweli na sasa anakunywa chai peke yake, nenda ukakae naye leo. Mimi nimeandika, na hawezi tena kusoma.